Uzamili wa usanifu wa grafiki kwa njia ya mtandao: utanifikisha wapi?

“Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam. Shahada yangu ya kwanza ni ya mawasiliano ya umma, lakini tangu nimalize chuo nimekuwa dizaina. Nilianzia kwenye duka la uchapaji Kariakoo, sasa niko kampuni ya matangazo. Nimepata nafasi ya kusoma MA ya usanifu wa grafiki kwa njia ya mtandao. Chuo kiko Uingereza, masomo ni ya miaka miwili, ada pauni 12,000. Ndoto yangu ni kufundisha chuo kikuu, na mlango wa kazi za nje ukifunguka nitashukuru. Mume wangu anaogopa tutauza kiwanja halafu nije na cheti kisichotambulika. Bosi wangu naye anasema dizaini ni kipaji, na siku hizi kompyuta inachora yenyewe. Chuo wanataka amana ya kushikilia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanye nini?”

Marahaba. Kwanza hongera. Vyuo vya aina hiyo hutazama kazi za mwombaji kwa jicho kali, na kukuchukua wewe mwenye shahada ya fani nyingine maana yake kazi ulizowatumia zimewaridhisha. Katika barua yako naona maswali matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja: cheti kitatambulika? Kitanipa kazi? Na je, kinastahili kiwanja? Nitayafungua moja moja, maana mtu anaweza kupata “ndiyo” kwenye la kwanza na bado akapoteza kiwanja kwenye la tatu.

Hofu ya mume wako ni ya haki, ila imelenga pembeni kidogo. Tatizo si mtandao. Kuna vyuo vikuu halali kabisa vinavyotoa uzamili wa fani hii kwa mtandao, kwa mfano Falmouth kule Uingereza, au Academy of Art University ya San Francisco. Kinachotakiwa kuulizwa ni mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, chuo chenyewe kina mamlaka ya kutoa shahada katika nchi yake? Kwa chuo cha England, rejista ya Office for Students, msimamizi wa vyuo vikuu vya huko, iko wazi mtandaoni, unaandika jina la chuo unaona. Kwa Marekani kuna orodha ya vyuo vyenye ithibati inayotunzwa na CHEA, baraza la ithibati ya elimu ya juu. La pili: je, nyumbani wataitambua shahada hiyo iliyosomwa kwa njia hiyo? Hapo ndipo inapoingia TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Shahada ya nje ukitaka kuitumia kwa ajira rasmi Tanzania, hasa chuoni, itapita mezani kwao kutathminiwa. Kenya mambo hayo huulizwa KNQA, mamlaka yao ya sifa za elimu, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Wengi hupeleka cheti TCU baada ya kumaliza, wakati ada imeshaliwa. Wewe peleka swali kabla. Andika jina la chuo, jina la kozi kama lilivyo kwenye barua ya udahili, idadi ya krediti (kipimo cha uzito wa masomo), na useme wazi kwamba masomo ni ya mtandaoni toka mwanzo hadi mwisho. Usifiche hilo kwa kuwa ulisikia kwamba vyuo vingi haviandiki neno “mtandao” kwenye cheti. Ni kweli vingi haviandiki, lakini utakapoulizwa ulisoma wapi na pasipoti yako haina hata muhuri mmoja wa Heathrow, utajibu nini? Omba jibu kwa maandishi, ulihifadhi. Na kama udahili umekujia kupitia wakala wa mjini, andika pia moja kwa moja kwa chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, uhakikishe jina lako wanalo. Watu wameuziwa mbuzi kwenye gunia kwa barua zenye nembo nzuri sana, na wewe kama dizaina unajua nembo nzuri inachukua dakika ngapi kuiga.

Sasa kuhusu kufundisha chuo kikuu, maana hii ndiyo ndoto uliyoitaja kwanza, na ndipo penye mitego ambayo hakuna aliyekuambia.

Kwa Tanzania, mwenye uzamili huingia kama mhadhiri msaidizi. Kupanda kuwa mhadhiri kamili kunahitaji uzamivu. Kenya nako masharti ya Tume yanadai uzamivu kwa mhadhiri. Kwa hiyo MA yako ni kibali cha kuingia ukumbini, viti vya mbele bado viko mbali. Ukisoma matangazo ya vyuo vya Marekani utakuta wanasema MFA, uzamili wao wa sanaa, ndiyo shahada ya juu kabisa ya mtu wa sanaa na dizaini, na mwenye nayo ana haki ya uprofesa. Kwao ni kweli, ndivyo taaluma yao ilivyokubaliana. Ukija nayo hapa itahesabiwa kama uzamili tu, na itakuwa imekugharimu mara kadhaa ya MA ya Uingereza, kwa sababu MFA huwa na krediti 60 hivi za Kimarekani, ambazo hazihesabiwi kama za Uingereza, na katika vyuo binafsi bili yake inaweza kuvuka dola 60,000. Kama nia yako ni kufundisha Afrika Mashariki, sioni sababu ya kwenda huko.

Mtego wa pili ni shahada yako ya kwanza. Vyuo vyetu vya umma vinapoajiri havitazami uzamili peke yake. Vinatazama GPA ya shahada ya kwanza, na vinapenda ngazi zote ziwe za fani moja au zinazokaribiana. Wewe una mawasiliano ya umma chini, usanifu juu. Idara moja itasema hizo ni ndugu wa damu, nyingine itasema haziungani. Hili hakuna mtu wa Uingereza anayeweza kukujibu, wala mimi siwezi kukujibu kutokea hapa nilipo. Chukua nusu siku ya ruhusa, panda Mlimani, muone mkuu wa Idara ya Sanaa Bunifu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nenda pia kwa wale wanaofundisha mawasiliano na uandishi wa habari, ambao nao wanahitaji watu wa kufundisha uwekaji kurasa na picha. Waulize swali moja lisilo na maua: “Nikija na vyeti hivi viwili, nitaruhusiwa kuomba nafasi ya mhadhiri msaidizi?” Uso wa mtu unapojibu swali hilo unasema mambo ambayo barua pepe haisemi.

Na kuna jambo la tatu ambalo huenda likakuokolea kiwanja. Vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, vina walimu wengi wenye shahada ya kwanza tu, na vingine huchukua walimu wa muda wenye uzoefu wa kazi. Kabla hujalipia ndoto ya kufundisha, fundisha. Jipatie muhula mmoja wa jioni na vijana 40 wanaogombania kompyuta 12, usahihishe kazi zao usiku, halafu uone kama bado unaitaka. Nimeona wasanifu wazuri sana wakigundua kwamba walichokipenda ni heshima ya ualimu, darasa lenyewe likawachosha.

Nije kwa bosi wako. Anaposema dizaini ni kipaji na kompyuta inachora yenyewe, anaongea kana kwamba uzamili ni mafunzo ya kuchora vizuri zaidi. Dhana hiyo wanayo hata waombaji wengi. Wanatarajia kuingia MA wakafundishwa Illustrator na InDesign, programu za kuchora na kupanga kurasa, za ngazi ya juu, halafu wiki ya nne wanalalamika kwamba hakuna mtu aliyewaonyesha hata njia moja ya mkato ya kibodi. Programu unatakiwa kuja nazo. Mambo hayo yapo kwenye kozi fupi; hata chuo cha CalArts cha Marekani kina mfululizo wa masomo ya grafiki kwenye Coursera kwa bei ambayo mshahara wako unaimudu.

Uzamili unafundisha kitu kingine. Tuseme umepewa kazi ya bango la zahanati: watu wapime shinikizo la damu bila malipo. Kule Kariakoo ungeuliza saizi, rangi za mteja, namba ya simu iwe kubwa kiasi gani, ungemaliza kabla ya chai ya saa nne. Darasani, ukiliweka bango hilo mbele ya wenzako, mwalimu hatauliza kwa nini umetumia nyekundu. Atauliza: anayelisoma amesimama wapi? Yuko kwenye foleni na mtoto mgongoni, au anapita barabarani? Ulijuaje kwamba hapimi kwa sababu hajui ni bure? Unarudi zahanati, unakaa kwenye benchi, unagundua kwamba wazee wanaogopa kipimo kwa sababu wanaamini ukishaambiwa una presha utakunywa dawa hadi kufa, na gharama ya dawa hizo hakuna bango linaloizungumzia. Bango lako la kwanza lilikuwa zuri, na lilikuwa linajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Unatengeneza matoleo matatu, unayabandika, unakaa tena kwenye benchi. Unaandika ulichokiona, ukikilinganisha na yale ambayo watafiti wengine wamekwisha kuyasema kuhusu usomaji na hofu. Huo ndio uzamili. Kompyuta inaweza kukupa mabango hamsini kabla hujamaliza kikombe. Kukaa kwenye benchi la zahanati bado ni kazi ya mtu. Bosi wako hajakosea kabisa, maana kazi ya kutoa mabango hamsini ya haraka kweli inashuka bei. Ila hiyo ni sababu ya kujifunza ile nyingine.

Mradi wa mwisho ndio utakaobeba jina lako, kwa hiyo uufikirie mapema, na usiuazime London. Wewe una kanga kabatini. Ina pindo, ina mji, ina jina. Herufi za jina zimewekwa mahali ambapo mwanamke akijifunga, anayetembea nyuma yake anasoma. Hapo kuna mpangilio, ukubwa wa herufi, umbali wa msomaji, na ujumbe wa siri kwa jirani, vyote kwenye nguo moja. Majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kirumi: nini kilibadilika katika mpangilio herufi zilipobadilika? Mombasa kuna duka la ukoo wa Kaderdina lililoanza 1887, ambalo kanga zake hujulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Mtu mwenye kamera na subira akipewa mwaka mmoja atatoa humo tasnifu ambayo mwalimu wa Uingereza atakaa chini aisome kama mwanafunzi. Maandishi ya nyuma ya daladala na bajaji nayo yanangoja mtu wake.

Kuhusu kusoma kwenyewe. MA ya Uingereza ni krediti 180, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Zigawanye kwa miaka miwili bila hata wiki moja ya likizo, unapata saa 17 kwa wiki. Weka Ramadhani au Krismasi, homa ya mtoto na msimu wa mabango ya uchaguzi, zinakuwa 20 na zaidi. Muulize mume wako saa hizo zitatoka wapi, kwa sababu yeye ndiye atakayezitoa pamoja na wewe. Kikao cha saa 12 jioni London kwako ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira yao, na hilo linavumilika. Mwenzako anayesoma San Francisco, kikao kama hicho kinamwangukia saa 10 au 11 alfajiri.

Kinachobeba masomo haya ni kikao cha kukosoana: unaonyesha kazi, wenzako na mwalimu wanaichambua, unajibu. Ukikosa vikao ukabaki unatazama rekodi, umelipa pauni 12,000 kutazama video. Kwa hiyo tenga fedha ya intaneti ya kudumu, na bando la akiba kwenye simu kwa siku ambayo umeme utakatika huku wewe ndiye unayewasilisha. Waulize chuo kabla: darasa lina wanafunzi wangapi, vikao vya moja kwa moja ni vingapi kwa wiki, na mwalimu mmoja anasimamia tasnifu za watu wangapi? Chuo kinachozunguka kwenye maswali haya kina sababu ya kuzunguka.

Kuna kitu mtandao hauwezi kukupa, nacho ni karakana. Wenzako wanaosoma chuoni wana mashine za kuchapa kwa mkono, karatasi za kila uzito, fundi wa kuwaelekeza. Hapa historia yako ni mtaji. Umesimama kwenye duka la uchapaji, unajua kwa nini kuna milimita 3 za kukatwa pembeni, unajua buluu ya kwenye kioo inavyogeuka zambarau ikitoka kwenye flex, ile plastiki ya mabango. Wanafunzi wengi wa uzamili wamekuja moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta na hawajawahi kunusa wino. Rudi Kariakoo, ongea na tajiri wako wa zamani, umuombe mashine jioni.

Kazi za nje nitazipitia haraka kwa sababu ukweli wake ni mfupi. Masomo ya mtandaoni hayakupi viza ya mwanafunzi wa Uingereza, na kwa hiyo hayakupi ile ruhusa ya kubaki kufanya kazi baada ya kuhitimu, ambayo ni ya waliosoma wakiwa nchini humo. Marekani ni hivyo hivyo. Kazi za mbali, za kufanya ukiwa Tabata na kulipwa kutoka Nairobi, Dubai au Berlin, zipo, lakini mwajiri wa aina hiyo atafungua mkusanyo wa kazi zako kwanza, na wengine hawatauliza cheti kabisa. Mahali ambapo neno “uzamili” linasomeka kwenye tangazo la kazi ni mashirika ya kimataifa, ofisi za mawasiliano za taasisi kubwa, na vyuo. Nafasi za ukurugenzi wa sanaa kwenye kampuni za matangazo hutolewa kwa kazi ulizofanya na kwa uwezo wa kuongoza watu. Huko MA inasaidia kwa njia ya mzunguko: inakuzoeza kutetea wazo mbele ya watu wasiokubaliana nawe.

Na sasa kiwanja. Pauni moja inazidi shilingi 3,000, kwa hiyo ada peke yake inazidi milioni 36, na haijajumlisha laptopu, programu, intaneti wala mtihani wa Kiingereza wa IELTS kama bado wanaudai. Tena deni ni la pauni, mshahara ni wa shilingi. Shilingi ikiteleza mwaka wa pili ada inapanda bila chuo kuongeza hata senti. Msimamo wangu ni kwamba usiuze. Sisemi kozi ni mbaya. Wewe bado hujui kama mlango unaoutaka unafunguka kwa ufunguo huu, na kiwanja cha Dar es Salaam ukishakiuza hukirudishi kwa bei ile.

Ipo njia ya katikati ambayo waombaji wengi hawaiulizi. Mfumo wa Uingereza una vituo: krediti 60 ni cheti cha uzamili, 120 ni stashahada ya uzamili, 180 ndiyo shahada yenyewe. Vyuo vingi hulipisha kwa moduli, na huruhusu mtu kushukia kituo cha kwanza na alichokipata, au kupumzika kisha akaendelea. Waandikie uwaulize kama kozi yako ina utaratibu huo. Theluthi ya ada yako ni kama pauni 4,000. Hiyo inaweza kutafutwa kwa akiba na kazi za nje ya saa za ofisi, na mwisho wa krediti 60 utajua mambo ambayo leo unayakisia.

Linganisha pia na Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa dizaini, na Kampala kuna shule ya sanaa ya Makerere yenye jina la Margaret Trowell. Utahitaji kuhama au kusafiri, na hilo kwa mwenye familia si dogo, ila unapata karakana, unapata walimu watakaokuandikia barua za kukutambulisha katika vyuo vya ukanda huu, na cheti chao si kigeni sana machoni pa waajiri wetu. Kama kufundisha ndilo lengo la kwanza, mimi ningeanza kuuliza huko. Kwa upande wa ufadhili, Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, inao mpango wa uzamili wa masomo ya masafa kwa raia wa nchi kama yetu, lakini kozi ni zile walizoziteua, nyingi zikihusu afya, kilimo na maendeleo. Tazama orodha yao ya mwaka husika, usiweke matumaini yote hapo.

Amana, basi. Usiilipe mwezi huu. Waandikie leo kwamba unangoja jibu la mamlaka ya nchi yako kuhusu utambuzi, na unaomba nafasi yako isogezwe hadi muhula unaofuata. Kwa vyuo vya mtandaoni vinavyopokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, ombi la namna hiyo ni la kawaida. Waulize katika barua hiyo hiyo kama amana hurudishwa, na katika mazingira gani. Kisha peleka swali TCU, panda Mlimani, tafuta darasa la jioni la kufundisha. TCU wakisema ndiyo na mkuu wa idara akasema ndiyo, lipia krediti 60 za kwanza, mada ya kanga ikiwa tayari mkononi. Mmoja wao akisita, nenda ofisini kwake na barua ya udahili na nakala za vyeti vyako, mume wako awe pamoja nawe, umuulize anasita kwa lipi.